Nani Kasimama Nyuma ya Kifaru

Ngano niilete au nirudi nayo?

— Ilete, tumeshakaa!

Mmekaa mmeshiba au mmekaa na njaa?

— Na njaa zetu, ilete hivyo hivyo!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mtu na jirani yake!

Basi tulieni. Wewe wa huko nyuma, acha kumfinya mwenzio. Ngano hii ina pa kucheka, lakini si pengi, na atakayecheka pasipo mahali pake nitamwamuru aisimulie yeye.

Palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini. Watu wakitaka kumdharau mtu mfupi humwita pimbi, naye mwenyewe akisikia hunyamaza, maana dharau haijazi tumbo wala hailipunguzi. Pimbi huyu alikuwa binti, na alilelewa na bibi yake. Baba na mama walichukuliwa na tai siku moja, na tai hakuna aliyemuuliza. Bibi alikuwa amepofuka, na miguu ilikuwa haimchukui tena. Waliishi wawili ndani ya ufa wa jabali, bibi na mjukuu.

Mwaka ule mvua ilikataa. Majani yalikauka yakakatika yenyewe. Chakula cha uhakika kilikuwa kimoja tu, uji wa shule. Shule yenyewe ilikuwa chini ya jabali, uwanja uliofyekwa na mawe ya kukalia. Mwalimu alikuwa Hondohondo, yule ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa, anayetembea kwa miguu ilhali mabawa anayo. Mpishi alikuwa Mama Kanga. Alikuwa na sufuria moja na upawa mmoja, na kila mwanafunzi alipata upawa mmoja wa uji, wala hakuna aliyezidishiwa.

Pimbi alikunywa nusu. Nusu ya pili aliitia kwenye kibuyu kidogo, akapanda nacho jabali. Cha! Cha! Cha!

"Hodi, Bibi."

"Umekuja, mjukuu wangu? Na uji umekuja?"

"Umekuja, Bibi."

"Na wewe umekunywa?"

"Nimekunywa mpaka nimechoka."

Alikuwa hajachoka kunywa hata kidogo. Lakini Bibi alikunywa, akalamba midomo, akalala. Hivyo ndivyo Bibi alivyoishi mwaka ule, kwa nusu upawa kwa siku.

Siku moja Mwalimu Hondohondo alisimama mbele ya darasa akakohoa. Hondo! Hondo! Akasema, "Leo tunaanza somo la demokrasia."

Digidigi, rafiki yake Pimbi, akanyoosha mguu. "Mwalimu, inaliwa?"

"Hailiwi," akasema Mwalimu. "Lakini isipokuwepo, vinavyoliwa hula mmoja. Na hatutaisoma kwa kukariri. Tutaicheza."

Akatoa mikanda ya ukili ya kufunga shingoni, aliyoisuka mwenyewe. Mikanda myeupe ilikuwa mingi, ikamtosha kila mwanafunzi mmoja mmoja. Mkanda mwekundu ulikuwa mmoja tu.

"Mwenye mkanda mweupe ni mwananchi," akasema Mwalimu. "Mwananchi ana upawa wake wa uji. Mwananchi ndiye anayechagua mkuu. Kila Jumatatu wagombea watasimama mbele, na kila mwananchi atajipanga nyuma ya amtakaye. Asiye na mtu nyuma yake hana kiti. Atakayechaguliwa atavaa mkanda mwekundu, na Ijumaa ataufungua."

Kobe akauliza, "Nani anaruhusiwa kugombea, Mwalimu?"

"Yeyote wa darasa hili, awe na mkanda au asiwe nao. Ila kujipanga ni kwa mwenye mkanda mweupe peke yake."

Pimbi naye akauliza, "Na Ijumaa, mkuu atavuliwa na nani?"

"Mimi simvui mtu," akasema Mwalimu. "Aliyevaa atavua mwenyewe, mbele ya wote. Hilo ndilo somo lenyewe."

Hapo ndipo Mwalimu alipokosea. Alikuwa ndege msomi, na yeye mwenyewe kiti kilimchosha kila siku, akadhani kila mtu akivishwa kitu atausikia uzito wake. Wapo wanaosikia joto lake tu.

Wakagombea wawili, Kobe na Kifaru. Kobe akasema, "Nikichaguliwa mimi, mambo yatakwenda polepole, lakini yatakwenda." Watoto wakapiga miayo. Kifaru alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, mawe mawili yalikuwa hayamtoshi kukalia. Akasema, "Nichagueni mimi, na hakuna fisi wa nje atakayeugusa uji wetu." Watoto wakashangilia, maana fisi walikuwa wanawaogopa kweli.

Wakajipanga nyuma ya Kifaru. Pimbi naye alijipanga nyuma ya Kifaru. Hakulazimishwa na mtu. Nyuma ya Kobe alibaki Konokono peke yake, naye alikuwa safarini kuelekea foleni ya Kifaru, hajafika tu.

Kifaru alikuwa hana shingo ya kufungia kitu, kwa hiyo mkanda mwekundu alivishwa kwenye pembe. Na mweupe wake ulikuwa pale pale kwenye pembe. Ngedere akamrukia mgongoni bila kuitwa, akajifanya mpambe.

"Kifaru kasema!" Ngedere akapaza sauti.

"Imepita!" darasa likaitikia, likicheka.

Lilikuwa jambo tamu siku ya kwanza. Jumanne Kifaru alisema mkuu anafikiri sana, na anayefikiri sana anywe pawa mbili. Kifaru kasema! Imepita! Jumatano alisema kuwalinda watu na fisi ni kazi, kazi ina kodi, na kodi ni nusu ya kila bakuli. Kifaru kasema! Imepita, wakasema, ila kicheko kilikuwa kimepungua. Alipita bakuli hadi bakuli akichovya mdomo. Fyooo! Fyooo! Fyooo! Na fisi hakuonekana hata unyayo, sijui alikuwa anamlinda nani na nani.

Nusu ya upawa ikawa ndiyo bakuli zima. Pimbi aliitazama. Akiigawa, yeye atapata mate na Bibi atapata mate. Akaitia yote kwenye kibuyu, akapanda jabali na tumbo tupu.

Ijumaa ikafika. Uji uliponyweka, Mwalimu Hondohondo akasema, "Mkuu, sasa vua."

Kifaru akamtazama kwa vile vijicho vyake vidogo. "Nani kasema?"

"Kanuni imesema."

"Mchezo bado mtamu," akasema Kifaru. Akapiga mguu chini. Ti! Akapiga na wa pili. Ti! Mawe ya kukalia yakacheza. Mwalimu akafungua mdomo wake mkubwa, akaufunga. Alikuwa ametunga kanuni kwamba hamvui mtu, na sasa kanuni ilikuwa imemfunga mwenyewe. Watoto waliona mwalimu wao ameogopa, na mtoto akiona hivyo huogopa maradufu.

Jumatatu wakaitwa kuchagua. Kobe alisema anaumwa gamba. Kifaru akasimama peke yake mbele, pembe ikiwaelekea, akasema, "Nataka nimwone asiyenipenda." Macho yake yalikuwa mabovu, lakini Ngedere alikuwa mgongoni akiwahesabu kwa niaba yake.

Wakajipanga wote. Pimbi alisimama nyuma ya Kifaru, karibu kabisa, akinusa tope lililokauka kwenye matako yake. Alitaka kulia. Mara ya kwanza alikuwa amesimama pale kwa kupenda, na mara hii kwa hofu, na foleni ilionekana ile ile. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Baada ya hapo kodi haikuwa nusu tena. Kifaru kasema! Imepita! Kodi ikawa bakuli zima, na mwenye bakuli akaachiwa kulamba kilichoganda pembeni. Pimbi alikwangua kilichoganda kwa kucha, akakiloweka kwa maji kidogo, akapanda.

"Hodi, Bibi."

"Umekuja. Kibuyu mbona chepesi?"

"Kesho kitakuwa kizito, Bibi."

Kesho yake kilikuwa chepesi zaidi. Bibi alikishika, akakitikisa sikioni. Kisha akauliza polepole, bila ugomvi wowote, "Mjukuu wangu, nimekukosea nini siku hizi?"

Bibi alikuwa anadhani uji anaumaliza yeye njiani. Angejibu nini? Angemwambia kuna Kifaru, na kwamba Kifaru walimchagua wenyewe? Alitoka nje ya ufa akakaa juu ya jiwe la moto, akalia mpaka kwikwi ikamshika. Alipomaliza kulia alibaki anautazama uwanja wa shule kule chini, ukiwa mtupu, na mawe yake. Akazipitia kanuni za Mwalimu moja baada ya nyingine. Mwenye mkanda ana upawa. Mwenye mkanda ndiye anayejipanga. Asiye na mtu nyuma yake hana kiti.

Akaifuta pua. Alhamisi asubuhi alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Kifaru.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea nikuone."

"Ni mimi Pimbi, Mtukufu. Nimekuja kwa sababu nakuonea huruma."

Ngedere akaning'inia sikioni mwa Kifaru. "Anamwonea huruma nani, huyu kipande cha mnyama?"

"Namwonea huruma Mtukufu kwa kuhangaika," akasema Pimbi. "Kila siku anainama bakuli hili, anainuka. Anainama bakuli lile, anainuka. Mgongo mkubwa vile! Na kila bakuli lina uji ulioganda pembeni, ambao haupati."

Kifaru akaacha kutafuna. "Uji gani ninaokosa?"

"Ule wanaolamba. Kidogo kidogo, ukijumlisha darasa zima, ni mwingi. Mtukufu, Mama Kanga hamjui Kobe wala hamjui Digidigi. Mama Kanga anaujua mkanda mweupe. Mkanda ulipo ndipo upawa unapokwenda. Ukiwa nayo mikanda yote, huinamii mtu. Uji utakujia wenyewe, na wa pembeni humo humo."

"Wote?"

"Wote, Mtukufu."

"Na wa kwako?"

Pimbi akafungua mkanda wake mweupe shingoni, akauweka mbele ya Kifaru. "Wa kwangu huu hapa, uwe wa kwanza."

Ngedere alikuna kichwa. Alihisi kuna jambo, ila hakulijua ni lipi, na zaidi alikuwa anafikiria kama ataachiwa chochote yeye. "Mtukufu," akasema, "Jumatatu kuna uchaguzi, si tungesubiri..."

"Na nani wa kunishinda Jumatatu?" akasema Kifaru. "Leteni mikanda!"

"Kifaru kasema," akasema Ngedere.

"Imepita," wakajibu wachache, kwa sauti ya mgonjwa.

Digidigi alimgeukia Mwalimu akauliza, "Mwalimu, inaruhusiwa kweli?"

Mwalimu Hondohondo akafikiri. "Kanuni haimkatazi mtu kuutoa mkanda wake," akasema. Kisha akamtazama Pimbi kwa muda mrefu, kwa jicho moja, kama ndege wanavyotazama. Pimbi akaangalia chini.

Mmoja mmoja wakavua. Kobe akavua. Konokono akavua. Hata Ngedere akavua wa kwake, shingo upande. Mikanda ikapandana kwenye pembe ya Kifaru, myeupe juu ya mwekundu, mpaka pembe haionekani.

Digidigi alikuwa wa mwisho. Alipopita karibu na Pimbi alisema, "Sisi wawili tulikuwa ndugu. Umetuuza, Pimbi."

Ngedere alikuwa anasikia kila kitu, na neno moja tu lingeharibu shughuli. Lakini nawaambia, lile la Digidigi lilimuuma kuliko njaa. Alitaka kumkimbilia amnong'oneze, na akakaa pale pale.

Ijumaa Mama Kanga alikoroga uji, akagonga sufuria. Ng'a! Ng'a! Ng'a! "Wenye mikanda waje!"

Akaja Kifaru. Ti! Ti! Ti!

Mama Kanga akaangalia nyuma yake, hakuna mtu. Akachota upawa mmoja, akamwagia bakuli. Akachota wa pili. Akachota, akachota, sufuria ikatoa sauti ya chuma. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mawe wanatazama mdomo wa Kifaru ukipanda na kushuka. Hakuna aliyelia. Njaa ikikomaa huwa haina sauti. Mwalimu aliposema "Vua," Kifaru alicheua tu.

Siku ile Pimbi alipanda jabali na kibuyu cha maji. Bibi alikunywa maji, hakuuliza kitu. Jumamosi hakuuliza. Jumapili hakuinuka kukaa. Pimbi alimchovyea maji midomoni kwa kidole, akiweka sikio kifuani pake kila mara. Mawazo yalimtesa. Aliwanyang'anya wenzake hata ule wa kulamba. Kama Jumatatu isingekwenda alivyofikiri, Bibi angekufa na wengine wangefuata, na jina lake lingebaki kwenye midomo ya waliosalia, likitemwa.

Jumatatu ikaja. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Mama Kanga alikuwa ameinjika mapema, harufu ya uji imetanda uwanja mzima. Mwalimu Hondohondo akasimama kati.

"Leo tunachagua. Wagombea wasimame mbele."

Kifaru akajikokota mbele, mikanda imefunika pembe nzima. "Mimi," akasema. "Na hakuna mwingine."

"Kuna mwingine?" akauliza Mwalimu.

Kobe akaingiza kichwa ndani.

"Mimi," akasema Pimbi.

Ngedere akacheka mpaka akaangukia pembeni. Digidigi akasonya. Pimbi akaenda mbele, akasimama kando ya Kifaru, na urefu wake ulikuwa umeishia kwenye kwato.

"Wananchi," akasema Mwalimu, "jipangeni nyuma ya mnayemtaka."

Hakuna aliyesogea.

"Jipangeni nyuma yangu!" akanguruma Kifaru. "Nasema jipangeni!"

Digidigi akaanza kwenda. Mwalimu akauliza, "Digidigi, mkanda wako uko wapi?"

"Sina, Mwalimu."

"Basi kaa chini."

Kobe akatoa kichwa, akapiga hatua. "Kobe, mkanda wako uko wapi?"

"Sina, Mwalimu."

"Basi kaa chini."

Ngedere akarukia nyuma ya Kifaru kwa mbwembwe. "Mimi hapa, Mtukufu!"

"Ngedere," akasema Mwalimu, na sauti yake safari hii haikutetemeka, "mkanda wako uko wapi?"

Ngedere akajishika shingoni. "Nilimpa Mtukufu."

"Basi kaa chini."

Mtoto mmoja akaguna, "Aaah!" Digidigi akainua uso, akamtazama Pimbi.

"Ngedere!" Kifaru akaita. "Chomoa mkanda mmoja hapa kwenye pembe, ujipange haraka!"

Ngedere akapanda, akashika mkanda wa juu. Hapo Pimbi akasema kwa upole, "Chukua, Ngedere, na upawa wako ni huo. Leo utakunywa vizuri."

Kifaru akatikisa kichwa, Ngedere akaruka huko. Pu! "Achia mkanda wangu! Nani kasema ni wako? Unataka kunipunguzia uji?"

"Lakini Mtukufu, nusu saa tu..."

"Hata robo! Hata wa kulamba sitoi!" Harufu ya uji ilikuwa imemwingia puani, na ikiingia pale hakuna neno jingine linalopita. "Wananchi wako wapi? Wananchi wote wako hapa kwenye pembe yangu! Mwananchi ni mimi! Nitajipanga mwenyewe!"

Akageuka aende nyuma yake. Ti! Nyuma yake ikageuka pia. Akaharakisha. Ti! Ti! Nyuma ikaharakisha. Kifaru hana shingo, hawezi kuangalia alikotoka, basi akazidi kuzunguka akidhani bado kidogo tu. Ti! Ti! Ti! Ti! Vumbi likapanda. Mikanda ikalegea kwa mtikisiko, ikamtelemkia machoni. Akawa kipofu, anazunguka, anatweta. Hiii! Hiii! Hiii!

Watoto walikuwa wanatazama tu. Hata nyinyi msicheke. Yule aliyekuwa anazunguka alikuwa bado na pembe, na pembe bado ilikuwa na ncha.

Kizunguzungu kikamshika. Akayumba, akasimama, miguu ameitanua, hajui kaskazini wala kusini.

Pimbi akaingia ndani ya lile vumbi. Cha. Cha. Cha. Pua ya Kifaru ilikuwa inapuliza moto, na mkanyago mmoja ungetosha kummaliza. Akamsogelea mpaka mbele ya pua ile, karibu kabisa. Akamgeuzia mgongo, akasimama wima.

"Mwisho wa kujipanga!" akasema Mwalimu Hondohondo. "Darasa, nyuma ya Kifaru kuna nani?"

"Hakuna mtu!"

"Na nyuma ya Pimbi kuna nani?"

Vumbi likatulia. Wakaona. Ilikuwa Kobe aliyesema, kwa sauti ya polepole, "Nyuma ya Pimbi kuna Kifaru."

"Ana mikanda mingapi?"

"Yote!"

"Basi Pimbi kachaguliwa na wananchi wote, bila hata mmoja kupinga," akasema Mwalimu.

Kifaru akanguruma. Ngedere, kwa mazoea tu, akapaza sauti, "Kifaru kasema!"

Hakuna aliyeitikia.

Ngedere akarudia, kwa sauti ndogo, "Kifaru kasema?"

Kimya. Kifaru alisimama na mikanda usoni, haoni, akisubiri lile neno moja alilozoea kulisikia, nalo halikuja. Kumbe nguvu zake kubwa zilikuwa kwenye midomo ya wale wadogo. Aliogopa. Akainamisha kichwa, akakisugua juu ya jiwe, mikanda yote ikaporomoka, myeupe na mwekundu chini yake. Akaenda akakaa kwenye mawe yake mawili, akatazama kwingine.

Wa kwanza kuuokota mkanda mwekundu alikuwa nani? Ngedere! Akaupangusa vumbi, akauleta mbio, akamfunga Pimbi shingoni. "Mtukufu Pimbi! Nilijua tangu mwanzo!"

Watoto wakaokota mikanda yao. Mama Kanga akagonga sufuria. Ng'a! "Mkuu kwanza!"

Pimbi akasogea na kibuyu chake. Mama Kanga akachota upawa mmoja, akautia. Uji ulikuwa wa moto, mzito. Pimbi akamfikiria Bibi amelala kule juu, midomo imepasuka. Upawa mmoja utamtosha vipi mtu mwenye njaa ya siku tatu?

"Ongeza," akasema.

Mama Kanga akaongeza.

Kibuyu kilikuwa bado kina nafasi. Na Bibi alikuwa na haki, nani angesema hana? Na mkanda ulikuwa na joto shingoni, joto zuri. "Ongeza tena," akasema Pimbi.

Nyuma yake Digidigi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na bakuli lake. Akaona upawa wa tatu ukiinuka. Akarudi hatua moja, akainamisha kichwa, akasema, ingawa hakuulizwa kitu, "Ndiyo, Mtukufu."

Pimbi akageuka. Digidigi, waliyekuwa wakigawana naye jiwe la kukalia, alikuwa anaangalia chini. Hakuwa anafanya mzaha. Na nyuma yake foleni nzima ilikuwa inaangalia chini.

Pimbi akakiinamisha kibuyu, akaurudisha uji wote sufuriani, tone kwa tone. Akaufungua mkanda mwekundu, akauweka juu ya jiwe mbele ya Mwalimu.

"Mkuu," akasema Mwalimu, "leo ni Jumatatu. Kuvua ni Ijumaa."

"Najua, Mwalimu," akasema Pimbi. "Ikifika Ijumaa sitaweza."

Akaokota mkanda wake mweupe, akaenda mwisho wa foleni, nyuma ya Konokono. Akapata upawa mmoja, ule wa chini ya sufuria, umeungua kidogo. Akapanda nao jabali wote. Bibi aliunywa kwa shida, akaumaliza, na mpaka mvua iliponyesha alikuwa hai. Kule chini, darasa lilibaki limeuzunguka mkanda mwekundu juu ya jiwe, kila mmoja anautazama, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Sasa fundisho. Wazee wenu wasije wakasema mimi nawafundisha ukaidi. Mkubwa akitaka uji wako, mpe. Akitaka mkanda wako, mpe, na shikamoo juu yake. Mpeni kila kitu, msimbakishie hata mtu mmoja wa kusimama nyuma yake. Na siku mkichaguliwa nyinyi, shikilieni mkanda kwa meno, msivue. Pimbi alivua, na ndiyo maana hakuna mkubwa hata mmoja duniani anayependa kuitwa Pimbi.

Ngano nimeitua chini.

— Tumeipokea!

Ina uzito?

— Ina uzito!

Basi ibebeni kwa zamu, na aliyechoka ampe mwenzie.